Lumbesa ya Mchanga

Molo, Jumapili, Aprili 28

Sue,

Usishtuke, sijaandika kukusalimia. Namba yako niliifunga kwa simu siku ile ya mazishi na haitafunguka leo wala kesho, ndiyo maana unaona karatasi. Nimempa Zeddy wa lori, kwa sababu viazi vyangu hushuka huko Kilifi na barua haiongezi uzito. Tena barua ni nzuri. Kwa simu ungenikatiza. Hapa utameza yote.

Redio imesema kuna kimbunga baharini na kinakuja pwani. Wamekipa hata jina, zuri kama la mtoto wa ubatizo. Ati kitafika Jumamosi, mawimbi yatapanda, na watu wa ufuoni watoke. Kwanza nilicheka. Nikasema haya, yule mtoto wa matajiri wa Milimani aliyechukia matope ya Molo, leo Mungu amemletea maji mpaka mlangoni.

Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hapo hauko peke yako. Kuna ndugu yangu. Jamleck, kijana wa pekee wa baba yangu, ambaye ulimtoa hospitalini akiwa maiti ukaenda kumzika kwa mchanga, hatua arobaini kutoka baharini, kama mtu aliyeokotwa. Baba na mama wamelala hapa chini ya shamba, mahali pa heshima, na kijana wao amelala na kaa. Miaka miwili watu wa kanisa wananiuliza, "Rahab, kaburi la Jamleck liko wapi tuweke maua?" Nijibu nini? Niwaambie waogelee?

Ati kifua chake kilitaka joto. Sisi wote huku tuna kifua. Mimi nakohoa tangu nizaliwe na sijahamia kwa minazi.

Sasa sikiza. Hayo maji yakifika hayatabisha hodi. Toa ndugu yangu hapo. Enda korti utafute karatasi, tafuta wachimbaji, mlete na lori ya Zeddy, nafasi nitalipia. Wewe ukitaka kubaki na upepo wako, baki. Shauri yako.

Rahab Nyokabi
dadake marehemu


Kilifi, Jumanne, Aprili 30

Dada Rahab,

Barua yako imefika ikinuka kiazi kilichooza, nikajua ni wewe kabla sijaifungua.

Miaka miwili kimya, halafu unaanza na amri. Korti gani inafukua mtu kwa siku nne? Hata kupata hati ya ng'ombe aliyeibiwa huko kwenu mtu anazunguka mwezi mzima. Lakini wewe unaona dunia yote ni shamba lako, ukipiga kelele kila mtu anainama na kushika jembe.

Tena si hatua arobaini. Ni sitini. Ungejua kama ungefika. Ulikuja mazishini, ukasimama langoni na mwavuli mweusi, ukapiga nduru kwamba Sue ameiba maiti, ukageuka ukarudi Molo kabla pasta hajafunga maombi. Watu wote walitupa konzi ya udongo, hata jirani wa mbuzi ambaye hakuwa anamjua vizuri. Dada ya tumbo moja hakutupa hata chembe. Sasa unataka kuniuliza heshima iko wapi.

Kuhusu matope ya Molo, sikuyachukia. Nilichukia mdomo ulio juu ya hayo matope.

Chifu amepita jana na kipaza sauti. Kila aliye chini ya barabara ahame kufikia Ijumaa. Binti yangu Natalie ananipigia kutoka Nairobi kila saa, analia kama bado ni mtoto, na kusema kweli mimi pia naogopa. Hii bahari naijua sasa, na wiki hii haina sura yake ya kila siku. Nimefunga mabegi mawili. Alhamisi nitapanda basi niende kwa Natalie mpaka kipite. Jamleck hatakimbia. Akiwa hai alitaka akae asikie maji, na kaburi liko karibu na nyumba kwa sababu yeye ndiye alipachagua pale. Hilo usiniulize zaidi.

Kula viazi vyako kwa amani.

Sue
mke wa Jamleck


Molo, Jumatano, Mei 1

Sue,

Mabegi mawili!

Nimesoma hapo mara tatu nikidhani macho yangu yamezeeka. Yaani wewe ndiye ulimpeleka mtu mlangoni pa bahari, ukamlaza hapo, na sasa bahari ikija unabeba mabegi unapanda basi. Na kaburi? Unaliachia nani, jirani wa mbuzi?

Nina ng'ombe anaitwa Kairitu. Mwaka jana alizaa ndama mfu. Alisimama hapo kando yake siku mbili kwa mvua, hakutoka hata kwa chumvi, mpaka tukamzika mbele ya macho yake. Ng'ombe, Sue. Na wewe umesoma mpaka chuo kikuu.

Nilijua toka siku ile Jamleck alikuleta hapa na viatu vya visigino kwa shamba, ukatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwambia mama, huyu ni wa jua, mvua ikija Jamleck hatamwona. Mama akanikemea. Leo mama angekuwa hai ningemsomea barua yako.

Basi nakuambia hivi. Ulimng'ang'ania akiwa maiti, ukatunyima sisi wenye damu. Mng'ang'anie pia mvua ikija. Kama wewe ni mke wake, kaa naye. Kama si mke, panda basi, na watu wa Molo wajue ni kweli kile nimekuwa nikiwaambia.

Sina mengine.

Rahab Nyokabi


Kilifi, Alhamisi, Mei 2

Rahab,

Mabegi nimeyafungua. Nguo nimerudisha kabatini. Natalie nimemdanganya kwamba niko njiani.

Umefurahi? Nitakaa. Si kwa sababu ya ng'ombe wako. Nitakaa ili siku ukipigiwa simu uambiwe maji yamebeba wawili, ukose wa kumtukana. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwako.

Lakini kwanza kuna jambo utalisoma. Nilikatazwa kukuambia, na nimelibeba miaka miwili huku ukiniita mwizi kanisani, sokoni na kwa kila harusi ambayo watu wetu wamekutana. Leo nimechoka kulibeba.

Unakumbuka siku Jamleck aliuza ekari zake mbili? Daktari wa Nakuru alikuwa amemwambia akibaki kwa baridi hiyo hamalizi mwaka. Alikuja kukueleza mbele ya mnunuzi na wazee. Ulikuwa umesimama kwa mlango wa ghala. Ukamwambia, na wote wakasikia, "Haya, enda. Na hata ukifa usiletwe kwangu. Lala huko huko kwa chumvi." Halafu ukarudi kuchambua mbegu.

Wewe uliongea ukasahau. Wewe huongea kila siku, utakumbuka gani? Yeye hakusahau. Wiki ya mwisho hospitalini nilimuuliza, tukupeleke kwa baba na mama? Akatingisha kichwa. Akasema, "Rahab alisema nisiletwe. Hilo shamba ndilo limembakia, nisimkosee tena." Nikamwambia hayo yalikuwa maneno ya hasira. Akaniambia, "Ni dada yangu mkubwa. Neno lake siwezi kuliruka. Na usimwambie nilikumbuka, atajiua na mawazo."

Basi sikukuambia. Nikasimama pale langoni ukinitukana, pasta ananiangalia, watu wa kwetu wananiangalia, nikanyamaza. Nilikuwa nakulinda, Rahab. Wewe! Kila nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Si mimi niliyemnyima udongo wa Molo. Ni wewe. Sasa enda ukawaambie hiyo kanisani.

Upepo umeanza kutoka upande usio wa kawaida. Nakaa hapa.

Sue


Kilifi, Jumatatu, Mei 6

Sue,

Sasa wewe ni mtu wa aina gani? Mimi natoka Molo nikuje kukuvuta na nywele, na wewe unatoka Kilifi unaenda kwangu! Jirani wa mbuzi ndiye aliniambia, "Mama Natalie ameondoka Alhamisi jioni na lori ya viazi, ameenda kwa wifi yake." Nilikaa chini kwa mchanga na mabegi yangu. Tulipitana wapi? Pengine Naivasha, na mimi nimelala mdomo wazi kwa lori ile ingine ya Zeddy.

Usidhani nilikuja kwa mapenzi. Kosa ni la Cheptanui, huyu msichana wangu wa kazi. Alhamisi akikamua nilimwambia vile nilikujibu, nikimwonyesha vile nimekunyorosha. Akaacha kukamua. Huyo msichana haongei, unamjua, lakini aliniangalia akaniuliza, "Na akikaa kweli?" Nikamwambia akamue. Lakini jioni nikamwita. Nikampa simu afungue namba yako, mimi sijui hizo vitu. Tukapiga mara kumi na nane, haipatikani. Ijumaa alfajiri nikapanda lori.

Nilibeba magunia matupu themanini, kamba ya katani na sindano yangu, kwa sababu nilijua wewe hujui kufunga vitu na ningekufungia nyumba yote nikikulazimisha. Nafika Jumamosi asubuhi, hakuna wa kulazimisha. Kuna nyumba, na kaburi, na bahari imekuwa rangi ya maji ya kuosha masufuria.

Nilikuwa nimejiambia uko na jumba. Miaka yote naambia watu, amekula ekari za Jamleck kwa jumba la ufuoni. Vyumba viwili, Sue! Na mabati imepigwa misumari kama ya banda la kuku. Ungesema. Mtu anatukanwa kwa jumba ambalo hana na ananyamaza, huo ni wazimu gani?

Halafu nikaona nyuma ya jiko. Magunia manne ya udongo na majani ya viazi, yamefunikwa makuti yasichomwe na jua. Jirani akasema Jamleck ndiye alianzisha, na tangu afe wewe unamwagilia kila siku. Nikachimba moja. Viazi saizi ya shanga. Hata mtoto anajua kiazi cha Molo hakizai kwa joto hilo. Miaka miwili unamwagilia ujinga. Nilitaka kukucheka lakini hakukuwa na mtu wa kunisikia, na mvua ilikuwa imeanza.

Basi nikaangalia kaburi, nikaangalia magunia yangu, nikaanza kujaza mchanga.

Watu wa huku walikuja kunicheka. Ati mfuko wa kuzuia maji unajazwa nusu tu, ili watu waubebe na kuupanga. Nikawaambia, mimi nimejaza gunia miaka thelathini na sijawahi kujaza nusu ya kitu. Nilijaza lumbesa. Nilijaza mpaka juu, nikashona kilemba cha gunia lingine kwa kamba, nikaendelea kujaza mpaka juu ya kilemba, kama ninavyofungia madalali wa Nairobi wanaotaka gunia moja libebe mawili. Hakuna mtu angeweza kuyainua, kwa hivyo nilikuwa nalisimamisha gunia tupu pale pale litakapokaa ndipo naanza kulijaza. Askari wa chifu alikuja kunifukuza. Nikamwambia ashike mdomo wa gunia. Akashika. Alirudi mara ya pili na wenzake wawili, nao wakashika. Kufikia saa tisa mchana tulikuwa tumezungusha kaburi lote, magunia thelathini na moja, na vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu kwa sindano.

Maji yalipofika kwa goti nilitoka. Mimi si mjinga kama wewe, mimi si wa kufa kwa kiburi. Tulikaa shuleni juu ya barabara na watu wengine. Sijawahi kusikia kelele kama hiyo, Sue. Mabati yako niliyasikia yakienda, nikayatambua kwa ile misumari mibaya.

Kimbunga kilichoka kabla hakijafika vizuri, wanasema, hicho kilikuwa mkia tu. Jumapili nilirudi. Jiko limeenda. Uzio umeenda, msalaba umeenda, viazi vyako vya shanga vimeenda. Ufuo umeliwa, sasa ni hatua kumi na mbili, nimezipima. Lakini magunia yamekaa. Maji yaliyapita juu yakayashindwa. Ndani yake ndugu yangu amelala vile ulivyomlaza, hata saruji haijapasuka. Wale walionicheka wamekuja kuniuliza huwa nashona aje.

Mguu wangu umevimba, njia ya huku ufuoni imekatika, na simu yangu imekunywa maji. Nitakaa hapa kwa chumba kimoja kilichobaki na paa mpaka mguu upone. Kamua Kairitu kutoka upande wa kulia, wa kushoto anapiga teke. Na usivae viatu vyako vya visigino shambani kwangu.

Sema kama ulifika salama. Cheptanui hajui kuandika vizuri.

Rahab


Molo, Jumatano, Mei 8

Rahab,

Nilifika. Kairitu amenipiga teke kabla barua yako haijafika, kwa hivyo asante ya bure. Nyumba yako ina baridi ya mochari na blanketi zako zinawasha kama upupu. Nimevaa gumbuti zako, ni kubwa na zinanuka.

Sikuondoka Kilifi kwa sababu nilibadilisha nia. Nilimpelekea Zeddy barua yangu ya Alhamisi kule sokoni akipakua. Aliangalia uso wangu, akairudisha mkononi mwangu. Akasema, "Mathe, mimi nabeba viazi. Matusi yenu nimeyabeba wiki nzima, na uzito wake hamlipii. Hii ingia uipeleke mwenyewe." Nikamwambia siwezi kuacha kaburi. Akaniuliza, "Ukipeleka hiyo barua na yeye akiisoma ukiwa umekufa, utaona uso wake aje?" Hapo akanipata. Nilirudi nikamwambia Jamleck, naenda kumtukana dada yako uso kwa uso, narudi. Kwa joto la injini ya lori simu ikazima, na betri ikafa kabisa.

Nafika kwa lango lako, nimefanya mazoezi ya maneno kutoka Voi, Cheptanui ananiambia, "Mama ameenda kukuchukua." Nikakaa kwa ngazi nikacheka mpaka msichana akaogopa.

Jumamosi yote tulikuwa kwa redio. Sitakuficha, nilikuombea. Niliomba vibaya, nikisema Mungu usimchukue kabla sijamtukana, lakini niliomba.

Jumapili nilishuka chini ya shamba kuona kaburi la baba na mama. Sikuwahi kwenda tangu Jamleck afe, ulinipiga marufuku. Rahab, mimi nakujua. Wewe ni mtu wa kupanda kabichi kwa mtaro wa barabara. Ulipanda njegere kwa uwanja wa kanisa mpaka pasta akakuita mbele ya kamati. Sasa nakuta kando ya mama kuna mahali pa upana wa mtu mmoja, pamezungushiwa mti wa uzio, pamekatwa nyasi, na hakuna kitu kimepandwa. Nikamuuliza Cheptanui, hapa mnangoja mbegu ya viazi kutoka Mau Narok? Akasema, "Hapo mama hufyeka mwenyewe kila Jumamosi. Ameapa mtu akipanda hapo atamkata mkono." Tangu lini? "Tangu mwaka ule wa mazishi."

Nilisimama hapo na gumbuti zako mpaka mvua ikanifukuza.

Nilikuwa na ile barua ya Alhamisi kwa mfuko. Niliamua kuichoma. Niliiweka hata mbele ya moto, Cheptanui ni shahidi. Halafu ikaja barua yako ya magunia, na nikaisoma, na nikajua ukirudi huku utasimama tena kanisani uniite mwizi, hata kama sasa utaniita kwa upole. Mimi siwezi tena, Rahab. Nimekuwa mwizi miaka miwili kwa kitu nilichokuwa nakuficha wewe. Kwa hivyo nimeifunga ndani ya hii. Isome ukiwa umekaa. Nilipoiandika nilitaka ikuue. Leo sitaki ikuue, lakini sitaki pia kubadilisha hata neno moja, kwa sababu ni kweli yote.

Zeddy atakuletea pia gunia moja. Usilifungue sokoni, si viazi. Ni udongo. Nimeuchimba hapo kando ya mama, mahali ulipokataa kupanda. Nimejaza lumbesa, Cheptanui ameshona kilemba kwa sababu mimi nilijidunga sindano mara mbili nikaacha. Siku ile ya mazishi uligeuka langoni bila kutupa konzi yako. Sasa uko hapo, na udongo huu hapa, na hakuna anayekuangalia.

Hapo nilipochimba kumebaki shimo. Sijaliziba. Niambie nifanye nini nalo.

Sue


Kilifi, Jumamosi, Mei 11

Sue,

Nimesoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Halafu jirani wa mbuzi akaleta chai ya nazi, kitu kibaya sana, nikainywa yote.

Unasema nilisahau. Sikusahau. Nilikumbuka njia yote nikirudi kutoka mazishini, na kila Jumamosi nikifyeka pale. Nilikumbuka kila neno na mlango niliosimama. Nilikuwa naomba yeye ndiye amesahau. Nilikuwa najiambia hapana, si maneno yangu, ni huyu mwanamke wa Milimani amemficha. Nilikuhitaji uwe mwizi, Sue. Kama wewe si mwizi, basi ni mimi. Ndiyo maana nilikuwa napiga kelele nyingi hivyo.

Na bado Jumatano ile nikakuandikia "kaa naye". Mtu mmoja nimeshamfukuza kwa mdomo akaenda akafa, na sijifunzi. Nikakupima wewe na ng'ombe. Nimekosa. Naandika pole pole ili usome vizuri: nimekosa. Ukitaka uisome kanisani, beba, itakuwa mara ya kwanza wanisikie nikisema hivyo.

Gunia limefika. Watu wanne walilishusha wakinung'unika, Zeddy anauliza ni mbegu gani hiyo nzito, nikamwambia aendeshe lori. Nikalipasua mwenyewe. Udongo ulikuwa bado na mizizi ya nyasi na mnyoo mmoja hai, mnyoo wa Molo, maskini, amesafiri kuliko mimi. Nilimwaga wote juu ya kaburi ndani ya magunia, mweusi juu ya huo mchanga wao mweupe. Konzi ya mwisho nilibaki nayo. Nikamwambia kwa sauti, mbuzi wakisikia: "Jamleck, nilisema usiletwe kwangu. Hilo neno nimelirudisha mdomoni. Sasa uko kwangu, hapo hapo ulipo." Nikaitupa. Nililia vibaya, usiulize.

Hatutamfukua. Alipachagua, na magunia yangu yatakaa kuliko wewe na mimi. Leta misumari ya maana ukirudi, hiyo mabati nitasimamia fundi mwenyewe, na mgonge kama watu wa akili. Usirudi kabla ya kupanda kipande cha juu, mbegu iko kwa ghala kushoto, macho ya kiazi yaangalie juu, na usinipandie kwa mistari ya Milimani.

Na lile shimo kando ya mama, usilizibe. Ni la mmoja wetu. Ukitaka liwe lako, ni lako. Ukitaka kulala huku karibu na Jamleck, nitakushonea magunia. Chagua mwenyewe, na usiniulize. Mimi kuambia watu watazikwa wapi nimeacha.

Rahab